Bei ya kahawa haiamuliwi kwenye basikuli



Wengi wetu tukisikia neno majadiliano, tunafikiria mutu mwenye mdomo: anajua kubembeleza, anajua kukasirika kidogo, anajua kuinuka kama vile anaenda kumbe haendi. Hiyo iko, sikatai. Lakini miaka nimetembea na vikundi vya wakulima wa kahawa upande wa Kalehe na Idjwi imenionyesha kwamba mbinu ambayo mutu anatumia mbele ya mnunuzi, mara nyingi hakuichagua yeye. Hali yake njo ilimchagulia. Naeleza kwa kahawa sababu wengi wenu mtatumwa huko na miradi, na wakulima watawaambia: «Wewe uliyesoma, utuongelee bei.»

Kwangu mimi, kubwa kuliko yote ni wakati. Kahawa iliyoiva, ile nyekundu tunaita serize, inapaswa kumenywa siku ileile imevunwa. Ikilala ndani ya mfuko inaanza kuchacha, na ladha mbaya ile haitatoka tena, hata uoshe namna gani. Mnunuzi anajua. Anafika saa kumi na moja ya jioni, anatazama mifuko, anasema: «Mama, leo bei iko hii. Ukipenda, leta kwa basikuli. Hupendi, rudisha nyumbani.» Rudisha nyumbani ikafanye nini? Mama huyo anaweza kuwa na maneno mazuri kuliko avoka wa Bukavu, atakubali tu. Sasa mpe mashine ndogo ya mkono ya kumenya, maji safi na meza ya kuanikia. Kahawa ileile inakuwa parshi, na ikikauka vizuri, ikabaki na unyevu wa asilimia 11 au 12, inaweza kungoja miezi. Mama ni yuleyule, mnunuzi ni yuleyule, lakini sasa anajibu: «Papa, acha nifikiri. Pita wiki ijayo.» Ulimi wake haukubadilika hata kidogo.

Jambo la wakati linashikana na lingine: utafanya nini mkikosa kusikilizana? Roger Fisher na William Ury wa Harvard walieleza vizuri jambo hili katika kitabu chao cha 1981: kabla ya kukaa mezani, ujue mlango wako wa pili uko wapi. Kwa miaka mingi mlango wa pili wa wakulima wa kandokando ya Ziwa Kivu ulikuwa mtumbwi, kuvuka usiku na kahawa kwenda kuiuza Rwanda. Wengi walikufa maji. Na hata yule aliyefika salama alifika bila nguvu, sababu mnunuzi wa ng'ambo anaelewa kwamba huyu hawezi kupakia tena mifuko na kurudi nayo. Mlango unaoweza kukuua, mwenzako hauhesabu. Njo maana koperative zilibadilisha mambo. SOPACDI, iliyoanzishwa Minova mwaka 2003, ilifikia kuuza kahawa ya wanachama kwa wanunuzi wa Ulaya na Marekani, na hapo mkulima akawa na mahali pengine pa kupeleka mzigo bila kuhatarisha roho.

Kuna pia wale wanauza kahawa ikingali maua, juu ya minervali ya watoto au ugonjwa. Hao wamekwisha kuuza wakati na mlango kwa mara moja. Tusiwacheke. Ila tujue kwamba kuwafundisha mbinu za kuongea wakati wa mavuno ni kuchelewa. Dawa yao ni mkopo mdogo wenye riba nafuu mwezi wa shule, si semina.

Kisha kuna hesabu, na hapa msomi anaweza kusaidia kweli. Arabika inapangiwa bei New York, kwa ratili moja, ambayo ni kama gramu 454. Tuseme huko iko dolari 3. Kilo moja inakuwa karibu dolari 6,6. Ili kupata kilo moja ya kahawa iliyo tayari kusafirishwa, unahitaji kilo 5 au 6 hivi za serize. Ukigawanya kwa 6, unaona dolari 1,1 kwa kilo ya serize, kabla ya kutoa gharama za kuosha, kuchambua, barabara, kodi na faida ya mnunuzi. Hiyo si bei ya kudai! Ni dari. Lakini mutu anayejua dari haogopi akiambiwa «bei imeanguka», anauliza imeanguka kutoka wapi mpaka wapi. Simu yenye intaneti inatosha.

Franka ya mkononi pia inahesabika. Toka mabanki ya Goma na Bukavu yalipofunga milango mwanzo wa 2025, mwenye noti mfukoni alipata nguvu ambayo hakuwa nayo mbele. Katika hali hiyo, kuomba malipo kidogo kidogo lakini kwa uhakika, kila wiki, kunaweza kuwa mbinu nzuri kuliko kukazana na bei ya juu.

Na je, mtaonana tena? Mnunuzi wa kupita unaweza kumkazia mpaka mwisho. Anayerudi kila sizoni, anayetoa miche na avansi, huyo unamwachia kitu leo ili akukumbuke mwaka bei ikiwa mbaya. Mambo ni hayohayo kwa kazi ya kwanza mutu anapewa akimaliza lisansi: ukiwa na kazi ndogo nyingine ya kukulisha, utauliza juu ya mkataba na bima. Ukiwa na kodi ya nyumba ya miezi 3, utasaini tu.

Nikiombwa kusindikiza kamati, nauliza kwanza mkutano wa wanachama uliwapa kiwango gani: chini ya bei ngapi hamwezi kukubali bila kurudi kuwauliza? Bila hilo, mnunuzi atamvuta rais pembeni, na jioni kijiji chote kitasema amekula. Tunakwenda watu 3. Mmoja anaongea, mmoja anaandika, wa 3 haondoi macho kwenye basikuli.