Binti akipata randevu ya tatuaji

Leo tunaandika juu ya neno ambalo wengi wetu hatupendi kulisikia nyumbani: tatuaji. Mama mmoja anataka nyusi za wino ili asichore kila asubuhi. Mwingine ana binti wa miaka 19 ambaye amekwisha kulipa avansi katika saluni moja hapa Lubumbashi. Kukasirika, tunaweza. Lakini binti mkubwa akipigiwa makelele ataenda tu, tena ataenda peke yake. Afadhali tumtayarishe.

Wala tusiseme jambo hili limeletwa na televisheni. Bibi zetu wa Kiluba walichanjwa nembo tumboni na mgongoni, na mwanamke mwenye nembo alihesabiwa kuwa mrembo. Kisu kilipita kwa wengi. Leo tunajua magonjwa gani huweza kupita pamoja nacho: ukimwi, na homa ya ini aina B na C.

Hiyo ya B tuiogope sana. Kijidudu chake kinaweza kuishi siku 7 katika damu iliyokauka, kwa hiyo sindano iliyopanguswa na alkoli bado haijawa safi. Chanjo ipo. Watoto wetu wachanga huipata wakiwa na wiki 6, 10 na 14, lakini sisi wakubwa wengi hatukuipata. Kwa mtu mzima huwa ni dozi 3, na ya mwisho hutolewa miezi 6 baada ya ya kwanza. Uliza kwenye kituo cha afya kama ipo, na bei yake. Mtasema miezi 6 ni mingi. Alama yenyewe itakaa miaka 50.

Kisha mwende wote wawili kutazama mahali, kabla ya siku yenyewe. Msiangalie picha za ukutani, angalieni mikono ya mchoraji. Je, anavaa glavu mpya kwa kila mtu? Sindano anaitoa katika pakiti iliyofungwa, mbele ya macho ya mteja? Wino anaumimina katika kikombe kidogo cha mtu mmoja, ambacho hutupwa baadaye, au wote wanachovya katika chupa moja? Akiongeza maji ya bomba ndani ya wino, tokeni.

Hapa ndipo mabinti wetu wanashindwa. Wanaona kosa, lakini wananyamaza kwa haya, au kwa sababu ya avansi. Sisi walimu tunajua kwamba mtoto husema vizuri neno alilokwisha kulisema. Basi mfanyizeni mazoezi nyumbani: «Sindano hii sikuona ikifunguliwa. Siendelei.» Arudie mpaka aseme bila kucheka. Avansi ikipotea, ipotee.

Tazameni pia ngozi yake. Kama masikio yalipotobolewa kovu lilivimba na kuendelea kukua, au kama ninyi wazazi mna makovu ya namna hiyo (waganga wanayaita keloidi), tatuaji inaweza kumletea lingine. Ngozi nyeusi inapata keloidi zaidi. Mwenye mimba angoje. Mwenye homa angoje. Mwenye ugonjwa wa sukari au damu ya SS amuulize mganga kwanza.

Siku yenyewe ni rahisi: alale vizuri, ale chakula kamili, anywe maji, asiguse pombe tangu jana yake. Baadaye aoshe kwa maji safi na sabuni, asikwaruze magamba. Ngozi ikiwa nyekundu zaidi, ikitoa usaha, au homa ikipanda, ni kituo cha afya, si dawa ya jirani.

Na damu. Aliyechorwa hapaswi kumtolea mtu damu kwa muda.  Nyumbani kwetu mtoto wa malaria anaweza kuishiwa damu usiku, na ndugu ndio wanaoitwa. Kwa hiyo andikeni sasa nani mwingine katika familia ana kundi O.