Mtoto wa Kinubi na Swali la "Kwenu Wapi?"

Mwanafunzi wa Kinubi nchini Uganda huenda akaulizwa darasani, "Kwenu hasa ni wapi?" Swali hilo humwuma, ilhali jibu limo katika historia ya askari. Mwaka 1891 Lugard aliwakuta karibu na Ziwa Albert askari wa Kisudani walioachwa Emin Pasha alipoondoka mwaka 1889, akawaandikisha. Wakaja na wake na watoto. Lugha yao, Kinubi, ilitokana na Kiarabu cha kambini. Katiba ya 1995 inawataja Wanubi miongoni mwa makabila yaliyokuwamo nchini tarehe 1 Februari, 1926. Somo hili lafaa lianzie Bombo, mji wa Wanubi na wa kambi: mwalimu awatume watoto wote, wa kila kabila, kwa wazee wao, wakaulize babu wa kwanza alifikaje hapo.