Itifaki za Sataranji: Je, Injini "Haina Kumbukumbu"?

Mtu achezaye sataranji kwa kompyuta hudhani anatumia programu moja, kumbe aghlabu ni mbili. Moja ni injini, ambayo kazi yake ni kupiga hesabu na kuchagua mwendo wa kete. Ya pili ni kiolesura, kinachochora ubao, kupokea miendo ya mchezaji na kuonyesha saa. Huenda zimetungwa na watu wasiojuana kabisa, kwa hiyo hazina budi kuwa na kanuni za kusemezana. Kanuni hizo twaziita itifaki, neno lile lile litumikalo katika mapokezi ya wageni wa serikali, nasi twaona latosha.

Itifaki mbili ndizo zijulikanazo zaidi. Ya kwanza ni ya XBoard, kiolesura kilichotungwa awali kwa ajili ya GNU Chess. Humo injini huambiwa mwendo mmoja mmoja, nayo hutakiwa kuufuata mchezo tangu mwanzo. Ya pili ni UCI, iliyotolewa na Rudolf Huber na Stefan Meyer-Kahlen mnamo Novemba 2000. Humo kiolesura, kila kinapotaka jibu, huipa injini hali ya ubao upya, yaani mpango wa kuanzia pamoja na miendo yote iliyokwisha kuchezwa. Hivyo pande mbili haziwezi kuhitilafiana juu ya kete ilipo, na mchezaji akitaka kurudi nyuma, haihitajiki amri ya kufuta. Lakini wepesi huo una gharama yake: injini ya XBoard yaweza kuomba sare au kukiri kushindwa, ilhali ile ya UCI haina amri ya mambo hayo.

Kwa sababu ya mpango huo, UCI husifiwa kwa neno la Kiingereza ambalo, likifasiriwa sisisi, huwa "isiyo na hali". Kwa Mswahili, asiye na hali ni mgonjwa mahututi au maskini hohehahe! Mfasiri akikimbilia "isiyo na kumbukumbu", amepotosha zaidi. Injini hiyo hutunza jedwali kubwa la hesabu ilizokwisha kupiga, na kiolesura ndicho kinachoipangia ukubwa wa jedwali hilo kwa megabaiti. Mwanafunzi aliyefundishwa kuwa haina kumbukumbu atauliza megabaiti hizo ni za nini, na mwalimu atakosa jibu. Isichotakiwa kukumbuka ni mchezo tu. Twapendekeza basi "itifaki isiyotunza mchezo". Ni ndefu, lakini haidanganyi.

Amri zenyewe, kama vile "go" na "bestmove", zisifasiriwe kamwe. Hizo si maneno ya lugha bali ni alama, na kwa mujibu wa kanuni za UCI, injini ikipokea amri isiyoifahamu huipuuza tu. Mfasiri aliyeandika "nenda" atangoja jibu mpaka achoke.