Yu Mwanafunzi au Mfanyakazi? Kuhusu Jina la Mwaka wa Kazini katika Shahada za Uhandisi na Sayansi

Mwishoni mwa mwaka jana dawati letu la istilahi lilipokea barua mbili zilizohusu jambo moja. Ya kwanza ilitoka katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza, nayo ilieleza kwamba mwanafunzi Mtanzania wa uhandisi wa umeme amemaliza mwaka wake wa pili. Kwamba mwaka wa tatu wote ataufanya katika kituo cha kufua umeme. Na kwamba baada ya hapo atarejea chuoni kwa mwaka wa mwisho. Ya pili ilikuwa tafsiri ya barua hiyo, iliyotayarishwa kwa ajili ya mfuko mdogo wa wilayani uliokuwa ukimsaidia mwanafunzi huyo kwa posho, na ambao huendesha shughuli zake zote kwa Kiswahili. Mfasiri aliandika kwamba mwanafunzi "anaanza mafunzo kazini". Wajumbe wa mfuko walisoma maneno hayo kama kila Mtanzania ayasomavyo, wakaona kuwa mtu aliye kazini hulipwa na mwajiri wake, wakasimamisha posho. Ilipita miezi mitatu kabla ya jambo hilo kusawazishwa.

Hatumlaumu mfasiri, wala wajumbe. Mfasiri alikuwa na kitu kisicho na jina lililokubaliwa, akachukua jina lililokuwa karibu. Kwa kuwa tumekwisha kuulizwa swali hilo zaidi ya mara moja, na walimu na maofisa wa utumishi kadhalika, tunakusudia katika makala hii kukichambua kitu chenyewe kwanza, ndipo tupendekeze jina.

Mtindo huu wa masomo una historia ndefu huko Uingereza. Chuo cha ufundi cha mji wa Sunderland kiliuanza mwaka 1903, kwa kuwapokeza wanafunzi wa uhandisi vipindi vya darasani na vipindi vya karakana za waajiri. Ulienea hasa baada ya mwaka 1956, serikali ya nchi hiyo ilipotangaza sera mpya ya elimu ya ufundi, na vyuo kama Bath, Brunel, Loughborough na Surrey, vilivyopewa hadhi ya chuo kikuu mwaka 1966, vikaufanya kuwa alama yao. Waingereza waliuita sandwichi, yaani mkate juu, mkate chini, na kitoweo katikati. Wakaendelea na mfano huo hata wakatofautisha sandwichi nene, ambayo mwanafunzi hukaa kazini mwaka mzima kwa mfululizo, na sandwichi nyembamba, ambayo vipindi vya kazi ni vifupi na hurudiwa mara kadhaa. Tunayoizungumzia hapa ni ile nene.

Sifa zake zinazomhusu mfasiri ni hizi. Mwanafunzi habadili uandikishwaji wake: yu mwanafunzi wa chuo siku zote za mwaka huo. Wakati huohuo anao mkataba na mwajiri, ana saa za kazi, aghalabu ana mshahara, na anafungwa na kanuni za usalama za mahali pale kama mfanyakazi mwingine yeyote. Sheria nayo inamtazama kwa macho mawili. Katika vyuo vya Uingereza vinavyofuata ukomo wa ada uliowekwa na serikali, mwaka huo hautozwi zaidi ya asilimia 20 ya ukomo wa ada ya mwaka mzima. Maana yake chuo bado kina wajibu kwake, ila ni mdogo. Kwa upande mwingine, ikiwa kukaa kazini ni sehemu ya lazima ya shahada na hakuzidi mwaka mmoja, sheria ya kima cha chini cha mshahara haimlindi, hata kama waajiri wengi humlipa kuzidi kima hicho. Kwa hiyo siku moja kupita mwaka, au neno moja katika barua kuonyesha kwamba kazi hiyo si sehemu ya shahada, huweza kubadili haki zake. Jina tutakalolichagua halina budi kuuchukua uwili huo. Likimfanya mwanafunzi tu, mwajiri atamweka kando kama mgeni wa siku moja. Likimfanya mfanyakazi tu, yatatokea yaliyotokea kwa mfuko wetu wa wilayani.

Msomaji aweza kuuliza: kwa nini mwaka mzima, ilhali vyuo vyetu hapa vimezoea wiki chache za likizo ndefu? Katika fani ya nishati jibu liko katika majira yenyewe. Chukua bwawa la Mtera katika mto Ruaha Mkuu. Bwawa hilo lina kituo chake cha megawati 80, lakini kazi yake kubwa zaidi ni kuhifadhi maji ya mvua ili kituo cha Kidatu kilicho chini yake, chenye megawati 204, kipate maji wakati wa kiangazi. Mwanafunzi anayefika Julai na kuondoka Septemba huyaona maji yakishuka tu. Hayaoni yakipanda, wala hashuhudii uamuzi mgumu wa Machi na Aprili wa kupima kiasi cha kuachia na kiasi cha kuweka. Uingereza hali ni kinyume lakini hoja ni ileile: mahitaji ya umeme hufikia kilele jioni za majira ya baridi, na matengenezo makubwa hupangwa majira ya joto yanapopungua. Hata mwaka hautoshi kwa kila kitu. Kituo cha nyuklia cha Sizewell B husimamishwa na kujazwa fueli kila baada ya miezi 18 hivi, na mwanafunzi mwenye bahati mbaya huweza kuingia na kutoka kati ya vipindi viwili asilione tendo lililo kubwa kuliko yote pale.

Kuna faida nyingine ambayo sisi wa istilahi tunaiona kwa jicho la choyo. Maneno mengi mazuri ya umeme katika Kiswahili yalizoeleka kwanza kazini. Kufua umeme ni kitenzi ambacho mhunzi alikijua kabla ya mhandisi. Msongo wa umeme unaeleweka hata kwa asiyeona nyaya. Na kituo cha kupoza umeme, ambamo hakuna kinachotiwa ubaridi bali msongo hushushwa, ni tamko ambalo kamati yoyote iliyokaa mezani ingelikataa. Hata hivyo linatumika kote nchini na limekwisha shinda. Mwanafunzi anayekaa mwaka mzima na mafundi hurudi nayo maneno hayo. Anayekaa wiki nane hurudi na ripoti.

Sasa tuyapime majina yaliyopo.

Mafunzo kazini tumekwisha kuyaona. Maana yake imethibiti katika utumishi wa umma na katika ualimu: ni mafunzo apewayo mtu aliyekwisha ajiriwa. Yaachwe hapo yalipo. Mafunzo kwa vitendo ni mapana mno, kwa kuwa hata jaribio la maabara la saa mbili ni mafunzo kwa vitendo. Uanagenzi ni neno zuri la asili, lakini limeshikwa na mafunzo ya ufundi stadi, ambayo mwanagenzi hufundishwa zaidi kazini na hutoka na cheti cha ufundi. Utarajali nao una utata wake: mwalimu tarajali bado yu masomoni, lakini daktari tarajali amekwisha kuhitimu, na programu za serikali za utarajali zinawalenga wahitimu. Kumwita mwanafunzi wa mwaka wa tatu mhandisi tarajali ni kumpandisha cheo kabla ya wakati. Wanafunzi wenyewe husema "niko fildi", na hatuna ugomvi nao. Lakini fildi ni ya wiki sita na ya miezi sita, ya mhandisi na ya mwanasosholojia, na mikataba haiandikwi kwa neno la aina hiyo. Ama sandwichi, tamathali hiyo yafaa ibaki kwa wenyewe. Msomaji wa Tandahimba asilazimishwe kufikiria chakula anaposoma masharti ya posho.

Limebaki lile lipendwalo zaidi na ofisi, nalo ni mafunzo viwandani. Hili linahitaji kuangaliwa kwa makini, kwa sababu kosa lake halionekani upesi. Neno la Kiingereza linalofasiriwa kwa kiwanda lina maana mbili: mahali pa kutengenezea bidhaa, na sekta nzima ya uzalishaji. Kiwanda chetu kina ile ya kwanza tu. Kwa Mswahili, kiwanda ni mahali penye kuta na paa, malighafi ikiingia upande huu na bidhaa ikitoka upande ule. Je, mwanafunzi wa jiolojia anayepima mvuke kwenye visima vya Olkaria, huko Bonde la Ufa nchini Kenya, yuko kiwandani? Aliyeko kwenye mitambo 165 ya upepo ya Hornsea 2, iliyosimikwa baharini mashariki ya Uingereza na kukamilika mwaka 2022, yuko kiwandani? Aliyeketi katika chumba cha kuongozea Gridi ya Taifa? Mwajiri wa namna hiyo akiletewa fomu yenye kichwa "Mafunzo Viwandani" ana haki ya kuirudisha akisema yeye hana kiwanda. Tena nishati ni fani inayohama. Tarehe 30 Septemba 2024 kituo cha Ratcliffe-on-Soar kilifungwa, na kwa kufungwa huko Uingereza ikakoma kufua umeme kwa makaa ya mawe, kazi iliyoianza mwaka 1882. Mwanafunzi ambaye zamani angepelekwa kwenye matanuri ya makaa leo hupelekwa baharini. Istilahi iliyofungwa kwenye aina ya jengo itapitwa pamoja na jengo.

Tunapendekeza ushikizo, na kwa aina tunayoizungumzia, mwaka wa ushikizo. Kushikiza ni kukifanya kitu kishikwe mahali kwa muda bila ya kukitoa kwa mwenyewe. Serikali yetu imekwisha kulitumia shina hili katika shule shikizi, ambayo iko mbali na shule mama lakini ni ya shule mama. Ndivyo alivyo mwanafunzi wetu: yu mikononi mwa mwajiri, naye ni wa chuo. Anayefanya hivyo tumwite mshikizwa. Chuo kishikize, na mwajiri apokee. Maneno haya yanatofautiana vizuri na kuazimwa, ambalo utumishi wa umma unalitumia kwa mtumishi anayekwenda kufanya kazi katika taasisi nyingine.

Pingamizi tunalijua, maana tumelisikia ndani ya ofisi yetu wenyewe. Watu husema "nimejishikiza mahali" kwa maana ya kazi ya kubahatisha, au "amejishikiza kwa shangazi yake" kwa maana ya malazi ya muda. Mwenzetu mmoja alisema kwamba mzazi akiambiwa mwanawe ni mshikizwa atadhani amekuwa kibarua. Hoja ina uzito, lakini tunaona inaegemea kiambishi -ji-. Anayejishikiza hana aliyemshikiza. Mshikizwa anaye, na jina la chuo hicho limo katika mkataba. Wazo la muda, nalo, si aibu hapa, kwa kuwa sheria yenyewe imeweka kikomo cha mwaka.

Kwa hiyo barua iliyotuletea swali hili ingefasiriwa hivi: "Mwanafunzi ataufanya mwaka wa tatu kuwa mwaka wa ushikizo katika kituo cha kufua umeme, akiendelea kuwa mwanafunzi wa chuo hiki." Kishazi cha mwisho hakimo katika asili kwa maneno hayo. Tunashauri kiongezwe hata hivyo, mpaka istilahi izoeleke.

Lipo jambo moja ambalo hatujalitatua. Mshikizwa ana wasimamizi wawili, mmoja wa chuo na mmoja wa kazini, na katika lugha ya Kiingereza kila mmoja ana jina lake. Sisi tumejaribu mlezi kwa yule wa chuo na msimamizi kwa yule wa kazini, lakini walimu wawili tuliowauliza waliyageuza, kila mmoja kwa hoja nzuri. Wasomaji walio katika vyuo na mashirika ya nishati waliokwisha kulizoea jina fulani watuandikie, wakitaja mahali linapotumika.