Utangulizi: Pengo la Muhuri Mama

Sogeza sarafu ya zamani dirishani uitazame kwa kioo cha kukuzia. Herufi moja haina mguu. Pale mguu ulipopaswa kuwa ni bapa tupu, panang'aa sawa na uso mwingine wa sarafu, kwa hiyo si mkwaruzo wala si kuchakaa. Pengo hilo lilianzia wapi?

Sarafu hupigwa kwa muhuri wa chuma ambao picha yake imezama. Muhuri huo nao huzaliwa na muhuri mama, ambao picha yake imeinuka kama ya sarafu yenyewe. Mama hukandamizwa kwenye chuma kilicholainishwa, zamani mara kadhaa, kisha chuma hicho hutiwa ugumu kwa moto. Ncha nyembamba za mama ndizo humeguka kwanza, na tangu hapo kila muhuri anaouzaa hukosa kitundu cha ncha ile. Muhuri wenyewe ukimeguka, mambo hugeuka: metali hujaa penye kimego, na sarafu hutoka na kinundu. Basi kinundu ni kosa la mtoto. Pengo linalojirudia kwenye mihuri mingi ni la mama. (Grisi ikiganda ndani ya muhuri nayo hufuta herufi. Imeshanidanganya zaidi ya mara moja.)

Pa kujifunzia pazuri ni dola ya fedha ya Marekani ya 1878, kazi ya mchongaji George T. Morgan. Sheria ya Bland-Allison, iliyopita Februari mwaka huo, ilitaka dola nyingi na upesi, na haraka ile inaonekana hadi leo: herufi zilizovunjika, na mihuri ambayo fundi aliirudia kwa mkono, akichonga nyoya lililofifia kwenye bawa la tai. Mkia wa tai ulianza na manyoya 8, ukabadilishwa kuwa 7. Mama mpya akakandamizwa juu ya mihuri ya zamani, na ncha za manyoya ya awali zikabaki zikichungulia chini ya mapya. Watafiti wa dola hizi, Van Allen na Mallis, waliziorodhesha tofauti hizi moja moja.

Lakini si kila tofauti ni jeraha. Sarafu za heller 20 za Tabora, zilizopigwa na Wajerumani mwaka 1916 vita vikiwakaribia, zina taji kubwa na taji dogo. Kimego hakipunguzi taji zima. Hapo fundi alichonga muhuri mwingine.