Kweli au uongo: mipangilio ya kompyuta za ofisi

Ofisi yenye kompyuta nyingi haiwezi kumtegemea fundi azunguke meza kwa meza akibofya. Kwenye mitandao ya Windows, kazi ya kusambaza mipangilio hufanywa zaidi na Group Policy, mfumo uliokuja na Windows 2000. Si mgeni tena, lakini mengi yanayosemwa juu yake, hata na mafundi wenyewe, hayana ukweli.

"Nimeshabadilisha kwenye seva, basi wote wameshapata." Uongo. Seva haimfuati mtu. Kompyuta ya mtumiaji ndiyo inayokwenda kuuliza: inapowashwa, mtumiaji anapoingia, kisha kila baada ya dakika 90, na juu yake nyongeza ya kubahatisha isiyozidi dakika 30. Nyongeza hiyo imewekwa makusudi ili mashine zote zisiivamie seva kwa pamoja. Asiyetaka kungoja huandika amri ya gpupdate, nayo haimalizi kila kitu. Programu iliyopangwa kusakinishwa kwa njia hii husubiri mashine iwashwe upya au mtumiaji atoke na kuingia tena, na pengine afanye hivyo mara mbili, kwa sababu Windows ikiwaka huwa haingoji mtandao uwe tayari. Lile jibu la "zima, washa" ambalo wafanyakazi hulicheka, hapa lina sababu.

"Programu inasumbua, mpe mtumiaji haki za msimamizi, mipangilio yetu itabaki palepale." Uongo, na kwa maoni yangu huu ndio unaoumiza ofisi nyingi kuliko yote. Masharti ya Group Policy huandikwa kwenye sehemu ya rejista ya Windows ambayo mtumiaji wa kawaida anaweza kuisoma tu. Kufuli ni hilo. Mwenye haki za msimamizi hufuta sharti kwa dakika moja, na wengi hudhani mzunguko ujao utalirudisha. Kwa kawaida haulirudishi: kompyuta ikiona hakuna kilichobadilika upande wa seva, huliruka. Sharti linabaki limefutwa, na fundi akitazama seva anaona kila kitu shwari.

"Kila kinachotumwa kimefungwa." Uongo. Mfumo huu una mafungu mawili: masharti, ambayo hufunga, na mapendekezo, kama printa, njia za mkato na diski za mtandao. Pendekezo mtumiaji anaweza kulibadilisha, ingawa huenda likarudi mzunguko ujao. Tena ukiliondoa kwenye seva, kwenye mashine linabaki, isipokuwa uliagiza mapema lifutwe.

"Nywila iliyowekwa kwenye mapendekezo inaweza kusomwa na mfanyakazi yeyote." Kweli tupu. Ilihifadhiwa kwenye faili linalosomeka na kila mwenye akaunti ya mtandao huo, na ufunguo wa kuifumbua Microsoft yenyewe iliuchapisha kwenye nyaraka zake. Mei 2014 ilitoa kiraka kinachozuia kuweka nywila mpya. Zilizokuwemo hakikuzifuta, kwa hiyo mtandao wa zamani unastahili kupekuliwa leo.

"Saa ya kompyuta haihusiani na haya." Uongo. Kerberos, inayothibitisha utambulisho, kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5 tu. Betri ya saa ikifa, mashine kuukuu inaweza kukosa mipangilio yote.

"Firefox haitawaliki." Ilikuwa na ukweli zamani. Tangu toleo la 60, la Mei 2018, inatii Group Policy, na pasipo Windows husoma faili la policies.json.

Kwa hiyo, fundi, kabla hujatangaza kwamba kazi imekwisha, kaa kwenye kompyuta ya karani, yeye akiwa ameingia kwa akaunti yake ya kawaida, uandike amri ya gpresult /r uone mipangilio iliyomfikia. Usijipime kwa akaunti yako ya msimamizi.