Bima ya Nyumba Si Jina Tu
Wanaisimu twajua kuwa maana ya neno huamuliwa na muktadha. Mwenzetu anayenunua nyumba huko California, Marekani, na alizingatie hilo. Bima ya kawaida ya nyumba huko hufidia moto na wizi, wala si tetemeko la ardhi. Hiyo hukatiwa bima yake mbali. Baada ya tetemeko la Northridge la 1994, kampuni nyingi ziliikwepa biashara hiyo, hata jimbo likaunda chombo maalumu mwaka 1996. Nacho kina masharti: nyumba iliyokatiwa dola 500,000, ikiwa mkataba unamtwika mwenyewe asilimia 15, basi dola 75,000 za kwanza za hasara ni zake. Asomaye jina la mkataba pasi na vifungu vyake hajausoma.